Mpeleke hata Don Bosco

Dada yangu alinipigia Jumamosi asubuhi nikiwa saiti, nimesimama juu ya jukwaa, mwiko mkononi. Kwa watu wa Kondoa salamu haziruki hatua. Tukaulizana watu, mifugo, mvua, mgonjwa wa jirani, ndipo akashusha pumzi. Matokeo ya kidato cha nne yametoka. Mwanawe wa pili kapata ziro.

"Kaka, mimi nimefika mwisho. Mtafutie pa kumweka huko mjini. Kama pamekosekana kabisa, mpeleke hata Don Bosco."

Nikamwambia nitampigia jioni, mota ya kushikia tofali inakauka. Kweli ilikuwa inakauka, lakini kilichonikata maneno ni ile "hata". Nilipandisha kozi tatu nzima, mistari mitatu ya tofali, naitafuna. Hata Don Bosco. Ni chuo cha ufundi, lakini amekitaja kama mtu anayesema nyama ikikosekana nipe hata maharage.

Dada anajua mimi nilisoma wapi. Anajua sare na madaftari ya huyohuyo mtoto yametoka kwenye kuta za nani. Neno lilimponyoka tu, na ndiyo maana limeniuma: halikuwa lake, ni la wote. Mtoto akifaulu ni daktari, akifeli ni fundi. Halafu daktari akitaka kujenga ananipigia mimi, anasimama kwenye kona ya nyumba yake na kiatu kinachong'aa, ananiuliza, "Fundi, una uhakika hapa pamenyooka?"

Basi leo nimepumzika, kuna mvua, nieleze.

Mimi ni fundi mwashi. Nilisoma uashi kwa Wasalesiani wa Don Bosco, shirika la watawa Wakatoliki, miaka miwili, 1996 mpaka 1998. Na ni Mwislamu, mtoto wa madrasa, baba yangu alikuwa muadhini wa msikiti wa kijijini. Nasema hivyo mapema usije ukadhani nimetumwa na parokia.

Dodoma nilifika 1995 juu ya lori la mahindi, nina miaka kumi na sita. Soko la Majengo lilinipokea kama lilivyopokea wengine: unabeba mzigo, unalipwa ukibahatika, unalala ulipodondokea. Baadaye nikapata usaidia fundi. Fundi wangu wa kwanza alikuwa na mkono mzuri sana wa plasta na alinifundisha kwa rula ya mbao, ile ya kusawazishia ukuta, ila alikuwa anasawazishia mgongo wangu. Zege likiwa jepesi, rula. Zege likiwa zito, rula. Mwaka mzima sikujua kipimo cha mchanga kwa saruji, ila nilijua kukwepa.

Kwa Wasalesiani nilifuata mpira. Jumapili uwanja ulikuwa wazi kwa yeyote, mwenye dini na asiye na dini, na tofauti na viwanja vingine, pale hata wakubwa walicheza. Namaanisha watawa wenyewe. Kuna Bruda mmoja, yaani mtawa asiye padre, kutoka India alikuwa anafunga kanzu yake nyeupe kiunoni anakimbia winga. Mimi niliyezoea kanzu ni vazi la kumheshimia mtu, nilisimama nje ya mstari nikicheka mpaka akanifuata.

Hakuniuliza jina. Hakuniuliza nimesoma mpaka la ngapi. Aliniuliza, "Wewe cheza namba ngapi?"

Nikasema namba moja, golikipa. Si kwamba nilijua kudaka. Sikuwa na viatu, na golini unakanyagwa kidogo.

Miaka mingi baadaye nilikuja kujua kwamba swali lile lina ukoo. Tarehe 8 Desemba 1841, mjini Torino, Italia, padre kijana aitwaye Giovanni Bosco, ndiye Don Bosco mwenyewe, alikuwa anajiandaa kusomesha misa. Mtunza sakristia akamwona kijana mmoja kasimama pale, akamwambia atumikie misa. Kijana akasema hajui. Akamtoa mbio kwa mpini wa kifagio. Bosco akafoka, akaagiza arudishwe, "huyo ni rafiki yangu". Kijana aliitwa Bartolomeo Garelli, miaka kumi na sita, yatima, fundi mwashi kutoka Asti. Padre akamuuliza: unajua kusoma? Sijui. Kuandika? Sijui. Kuimba? Sijui. Akaendelea kutafuta mpaka akamuuliza: kupiga mluzi je, unajua? Kijana akatabasamu.

Mie kwetu ningepiga mluzi ndani ya nyumba ningeambiwa naita nyoka. Lakini unaona alichokuwa anafanya yule padre. Alikuwa anatafuta kitu kimoja ambacho mtoto anacho.

Na zingatia: mwashi. Torino ya wakati ule ilikuwa inajengwa kwa kasi, na vijana walikuwa wanashuka kutoka milimani na vijijini kuja kubeba mawe na kukoroga chokaa, hawana ndugu mjini, wengine wanaishia jela. Mtu anayeijua Dodoma ya leo, tangu serikali ilipohamia huku na Mtumba, kwenye mji wa serikali, ikaanza kuota maghorofa, hahitaji kuchorewa picha. Wale vijana wa Torino ninao hapa kwenye saiti yangu. Mmoja ametoka Goma, Kongo, ufundi kajifunzia kwa Wasalesiani haohao wa Ngangi, kulekule Goma, na anapanga tofali vizuri kuliko mimi, ila msimwambie.

Darasa letu la uashi lilikuwa banda lenye bati na sakafu ya mchanga. Bruda alieleza siku ya kwanza kwamba hatutagusa saruji muda mrefu. Mota yetu ilikuwa mchanga na chokaa kidogo, ya kushika tu isidondoke. Asubuhi tunajenga ukuta, saa nane anapita na pimamaji na timazi, kile kizito cha kuning'iniza kwa uzi kupima kama ukuta umesimama wima, anatoa maksi, saa tisa tunabomoa. Tunakwangua kila tofali, tunapanga pembeni, kesho tunajenga tena kwa tofali zilezile. Miezi! Nilikuwa na tofali moja la kuchoma lenye alama ya kidole cha mtu aliyelifyatua, nadhani nililipanga mara arobaini. Nilijua lilivyokaa mkononi kama unavyojua kikombe chako cha chai.

Wenzangu walinung'unika. Mimi pia. Mtu umetoka mtaani, unataka kushika hela, unaambiwa jenga, bomoa. Lakini mkono unajifunza pale, siyo kwenye nyumba ya mtu. Mpaka leo saidia wangu mpya akija namwanzishia hivyohivyo, ananichukia wiki tatu.

Kiswahili cha Bruda kilikuwa na sheria zake. Ukuta kwake ulikuwa mtu. Ukiinama anasema, "Ukuta kalewa." Kona ikifunguka, "Kona anacheka." Tulimwiga usiku bwenini mpaka tukalia machozi, na hivi sasa nikiwa saiti maneno hayo yanatoka mdomoni mwangu yenyewe.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo dada yangu halijui.

Ukutani karakana kulikuwa na ubao mkubwa wa kijani, na kila kifaa kimechorewa umbo lake kwa rangi nyeupe. Mwiko una umbo la mwiko, nyundo ina umbo la nyundo, na kila safu ina namba ya mwanafunzi. Mimi nilikuwa namba saba. Jioni ukirudisha vifaa, Bruda haulizi kitu, anatazama ubao tu. Penye kasoro panaonekana kama jino lililong'oka.

Timazi zetu zilikuwa za shaba. Nzito, zimechongoka chini, unapendezwa kuishika tu. Na Majengo kulikuwa na mtu ananunua shaba kwa kilo.

Ijumaa moja nilimuuzia. Sikuwa na njaa, chuo kilitulisha. Sikuwa na mgonjwa. Nilitaka chipsi mayai na soda, nikae mezani kama mtu. Nikala sahani mbili. Hata utamu wake siukumbuki, nakumbuka nilivyokuwa nafikiria ubao.

Jumatatu Bruda alifungua karakana, tukachukua vifaa. Kwenye safu ya saba kilibaki kivuli cheupe cha timazi. Alikitazama. Sikumbuki kama alinitazama na mimi. Akasema, "Namba saba jenga kona, kozi kumi na mbili. Wengine jenga pia."

Nikajenga bila timazi. Nilijitia nina jicho. Kozi ya tano bado nilijisifu. Kufika ya tisa mwili wenyewe ulikuwa unaniambia, maana nilikuwa nakaa upande kuufuata ukuta. Saa nane akaja, akafunga jiwe kwenye uzi, akaushusha kutoka juu. Uzi ulitua mbali na tofali la chini, vidole viwili vinapita.

"Ukuta kalewa," akasema. Darasa likacheka. Halafu akaniuliza mimi, polepole, kama mtu anayeuliza njia: "Nani kampa pombe?"

Nikabomoa. Jioni nikamfuata karakana nikamwambia yote, mpaka sahani mbili za chipsi. Nilikuwa nimeshajikaza mgongo nikisubiri rula. Akanikabidhi lile jiwe na uzi wake. Ndiyo ikawa timazi yangu mpaka muhula ukaisha, wenzangu wana shaba mimi nina jiwe, na kila Jumamosi nilikwangua tofali za darasa zima mpaka thamani ya shaba ikatimia. Aliiandika kwenye daftari, Jumamosi kwa Jumamosi, akanionyesha siku ilipofika mwisho, akaikata kwa mstari. Na mlango wa karakana ukawekwa kufuli jipya, kubwa. Lile kufuli liliniuma kuliko jiwe.

Kila usiku kabla ya kulala Wasalesiani wana desturi. Wakishasali, mkubwa mmoja anasimama mbele anasema maneno machache ya kuwatakia vijana usiku mwema, dakika tatu, tano zikizidi. Sisi Waislamu hatukulazimishwa sala zao. Tulikaa nyuma kimya, tukasikiliza yale maneno ya mwisho. Wiki ileile padre akatusimulia ilikoanzia desturi hiyo. Sijui mpaka leo kama Bruda alikuwa amemwambia. Mimi nilikuwa natazama miguu yangu.

Ilikuwa Mei 1847, jioni, mvua inanyesha Torino. Don Bosco alikuwa anaishi Valdocco, pembeni ya mji, na mama yake, Margherita, mjane wa shamba ambaye aliacha kijiji chake akaja kumsaidia mwanawe kulea watoto wa watu. Walikuwa wameshajaribu kuwalaza vijana kwenye nyasi kavu, na vijana waliondoka na mashuka, na mablanketi, mwishowe hata na nyasi zenyewe. Jioni hiyo akabisha mtoto wa miaka kama kumi na tano, amelowa chapachapa, anaomba mkate na pa kulala. Mama akamketisha karibu na moto, akampa supu na mkate. Wakamuuliza anatoka wapi na kazi yake nini. Yatima, katoka bonde la Sesia. Kazi yake uashi. Alikuwa na faranga tatu, zimekwisha kabla hajapata kibarua.

Don Bosco akamwambia waziwazi: ningekulaza, ila wenzako wamenibebea vitu. Mtoto akasema mimi ni maskini lakini sijawahi kuiba. Mama akasema, tumlaze hapa jikoni. Mwanawe akamwuliza, akibeba masufuria? Mama akajibu kwamba atahakikisha halitokei hilo.

Baadaye fadha mmoja alinipa kumbukumbu alizoandika Don Bosco mwenyewe, kwa Kiingereza, nikazisoma kwa kamusi miezi na miezi, na hapa nilikuta jambo ambalo msikilizaji wa kawaida hulipita. Kitanda walikijengaje? Mama alitoka nje na yule mtoto, wakaokota vipande vya tofali, wakasimamisha nguzo fupi nne jikoni, wakalaza mbao juu yake, kisha godoro. Nguzo nne za vipande, hazina mota! Kwa mtu wa kazi yangu hiyo siyo habari ndogo. Vipande havilingani kimo, lazima uchague, ugeuze, uzibe kwa kigae. Na yule mtoto alikuwa mwashi, kwa hiyo nina hakika ni yeye aliyewasawazishia. Mgeni aliyelowa, hana senti, usiku ule alikuwa ndiye fundi wa nyumba.

Kisha mama akamkalisha akamwambia maneno machache ya upole, kuhusu kazi, uaminifu na dini. Ndiyo yale maneno ya usiku tunayoambiwa mpaka leo.

Kisha wakafunga jikoni kwa ufunguo mpaka asubuhi.

Nilipofika kwenye mstari huo nilicheka peke yangu. Padre usiku ule hakutusimulia habari ya ufunguo, au alisimulia sikusikia. Kumbe kufuli la karakana lilikuwa na ndugu yake Valdocco. Nilikuwa nimelichukulia kuwa tusi. Lakini wale hawakuwa malaika wasiojua watoto wanaiba. Walikuwa wamebebewa mpaka nyasi. Waliweka kitanda na wakafunga mlango, usiku uleule, mikono ileile.

Nimesoma wanavyoeleza mfumo wao: akili, dini, upendo wenye upole. Mnamo Mei 1884 Don Bosco, mzee tayari, aliandika barua kutoka Roma akisema haitoshi vijana kupendwa, lazima wao wenyewe wajue kwamba wanapendwa. Sawa. Mimi nikisikia neno akili namwona Bruda na jiwe lake kwenye uzi. Angeweza kunihubiria wizi ni dhambi. Hilo nililijua tangu madrasa. Aliniacha nijenge.

Mambo mengine ya huyo mzee wa Torino yananifurahisha kama fundi. Banda la kwanza alilokodi kwa mtu aitwaye Pinardi mwaka 1846 lilikuwa fupi mno, ikabidi sakafu ichimbwe chini karibu nusu mita ili watu wasimame. Jengo alilojenga 1852 liliporomoka usiku wa mwanzo wa Desemba baada ya mvua mfululizo, mota ilikuwa bado mbichi, namshukuru Mungu halikuua mtu. Sisi mvua za El Niño zilitulaza ukuta wa mazoezi vilevile, Bruda akasema, "Leo kalala kabisa."

Na ipo ile mikataba. Kabla hajaanzisha karakana zake mwenyewe, Don Bosco aliwapeleka vijana kwa mafundi wa mjini, na alipoona wanavyotumikishwa akaanza kuwaandikia mikataba. Upo wa Februari 1852 wa kijana mwanafunzi wa useremala: fundi amfundishe kazi yake kweli, amlipe kwa wiki, ampe siku za mapumziko, na akikosea amrekebishe kwa maneno, siyo kwa kipigo. 1852! Nikaikumbuka ile rula. Miaka zaidi ya mia na arobaini baada ya mkataba ule, mimi nilikuwa nachapwa kwa zege jepesi.

Wasalesiani walifika Tanzania mwaka 1980, wengi wa mwanzo wakitokea India. Lubumbashi, Kongo, walikuwapo tangu 1911. Kakuma, kule kambini Kenya, wanafundisha wakimbizi ufundi. Nchi wanazofanya kazi zimepita 130. Siwasifu kwa wingi, matawi hata mpera unayo. Ninawasifu kwa Ramadhani ya 1997, ambapo Bruda, bila kumtangazia mtu, alihamishia kazi zote za kubeba asubuhi mapema, na mpishi akaambiwa atuachie daku. Tulikuwa wanne.

Niliondoka na cheti cha mtihani wa ufundi, tredi testi gredi ya tatu, mwiko wangu mwenyewe, na timazi ya shaba. Ndiyo, ya shaba. Namba saba imepigwa chapa juu yake. Bruda aliitoa mfukoni mwa kanzu siku ya kuagana, kaifunga kwenye gazeti. Alikuwa ameifuata Majengo siku gani, sikupata nguvu ya kumuuliza.

Jioni nikampigia dada. Nikamwambia mlete, ila Don Bosco siyo jalala, wanaulizia kwanza kama mtoto anataka, na nafasi zenyewe zinagombewa. Akanyamaza. Akasema, "Kaka, umekasirika." Nikasema hapana. Akasema, "Umekasirika."

Mpwa wangu alishuka na basi la Kondoa Jumanne, begi moja, simu yenye kioo kilichopasuka, haangalii mtu usoni. "Shikamoo mjomba." Marahaba. Nilikuwa nimejiandaa nimuulize kuhusu matokeo, masomo gani yalimshinda. Tulipokuwa tunakula nikamwuliza anacheza namba ngapi.

Akainua uso kidogo. "Tisa. Lakini kijijini wananichezesha namba mbili."

Nyumba yetu haina chumba cha ziada, na sebuleni fundi wa vigae alikuwa bado hajamaliza. Mke wangu akamtandikia godoro jikoni, kwenye kona kavu, akampa na shuka la wageni. Nikamtakia mtoto usiku mwema, nikamwambia kesho saa kumi na mbili tunatoka, kuna tofali za kukwangua. Tukaingia kulala. Nilikuwa nimeshaanza kusinzia niliposikia mke wangu anainuka, anatembea kwa vidole mpaka kwenye kabati la vyombo, kisha ufunguo ukageuka, polepole, ili mtoto asisikie.